Kadi 6,204 na Namba Moja ya Simu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa ukurasa wa kwanza wa jalada. Kazini anajulikana kama Mama Faili.
Umri: miaka 59
Kazi: karani wa masjala, kituo cha afya
Makazi: nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo hicho, mlango wa tatu
Yamechukuliwa: Ijumaa, tarehe 17, saa moja na nusu asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu afande kwamba kama ni uongo ningeusemea nyumbani, nisingekuja kukaa kwenye benchi lenu tangu saa kumi na mbili.

Nimefanya kazi masjala kwa miaka thelathini na moja. Mwaka jana kadi za wagonjwa zilitolewa kwenye makabati na kuingizwa katika hifadhidata iliyoko mtandaoni. Aliyezihamisha ni fundi wa kompyuta wa kituo, ambaye ni mke wa mwanangu wa pekee. Ndiye mnayemshikilia tangu jana. Niseme mapema kwamba alipoletwa nyumbani miaka minne iliyopita sikumpokea kwa mikono miwili. Nilisema ni mwanamke wa kukodolea kioo, hajui kukaa na watu. Niliyasema hayo na yeye aliyasikia.

Makabati yalipobaki matupu nilichoka kukaa pale kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Nikamwomba mkwe wangu anifundishe. Akasema, "Tutaanza Jumamosi, Mama, tukimaliza kufua." Tangu hapo kila Jumamosi, saa nne hadi saa sita, kwenye meza ya jikoni, ananifundisha kuandika skripti, yaani amri ambazo kompyuta inazisoma mstari kwa mstari. Wiki tatu za kwanza nilisahau nukta mbili kila mahali na kompyuta ikakataa kazi yangu. Akanitania, "Si na wewe ulikuwa unawarudishia watu mafaili yasiyo na muhuri? Leo zamu yako." Nilicheka mpaka nikatoa miwani.

Baadaye akanionyesha jinsi skripti inavyolifikia ghala la kadi. Juu kabisa kuna mistari miwili ya anwani. Wa kwanza unakwenda kwenye ghala la mazoezi, lenye kadi moja tu ya mgonjwa wa kubuni. Wa pili unakwenda kwenye ghala lenyewe. Mbele ya huo wa pili aliweka alama ya reli, na mstari wenye alama hiyo umelala, kompyuta inaupita. Akaniambia, "Huu usiuamshe, Mama. Una jina langu na neno langu la siri." Afande ameniuliza kwa nini aliviacha humo. Nimejibu kwamba aliniamini, na kama ana kosa ni hilo tu.

Skripti yangu ilikuwa inafanya jambo moja, kubadilisha namba ya simu kwenye kadi. Namba ya mfano niliweka ya marehemu mume wangu, kwa kuwa ndiyo pekee ninayoikumbuka bila kuitazama mahali. Kila nilipoijaribu, kioo kiliandika: "Kadi 1 imebadilishwa." Sikuwa ninataja ni kadi ya nani, maana kadi yenyewe ilikuwa moja. Somo la kutaja kadi ya nani lilipangwa kesho.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi, alikuja dirishani mama mwenye mtoto wa wiki sita. Alisema amebadilisha namba ya simu na anaogopa kukosa ujumbe wa chanjo. Utaratibu ni kujaza fomu na kumsubiri fundi, na fundi alikuwa ghorofani maabara. Mimi nikajiona najua. Niliandika namba ya yule mama kwenye karatasi, nikafungua skripti, nikafuta alama ya reli kwenye anwani ya pili na kuiweka kwenye ya kwanza. Nikaibonyeza kwanza kuona kama njia imefunguka, kabla ya kuweka namba yake. Kioo kiliandika sentensi niliyodhani ni ileile niliyoizoea. Sikuisoma. Muuguzi aliita kwa sauti, mtoto akalia, nikafunga kompyuta. Karatasi yenye namba ya yule mama ilikuwa bado mfukoni mwangu na ninaikabidhi.

Tarehe 16, Alhamisi, ilikuwa siku ya chanjo. Huja watoto sitini, wakaja wanne. Saa nane mchana mganga mkuu alifungua kadi na kukuta namba za simu za wagonjwa wote 6,204 zimegeuzwa kuwa namba moja, na aliyezibadilisha ameandikwa kwa jina la mkwe wangu. Siku ya Jumatatu wawili hao walikuwa wamezozana kwenye korido kuhusu likizo, na mkwe wangu alisema, "Siku mtakayonikosa mtanitafuta." Tulimsikia sote. Saa tisa alasiri askari walifika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kioo sikukiona. Sikudhani ni mimi, nilijua yangu ni kadi moja. Mganga mkuu alimwuliza, "Hii namba ni ya nani?" Mkwe wangu aliitazama, kisha akafunga mdomo. Alipopita karibu yangu alisema tu, "Mama, usisahau dawa ya presha saa moja."

Saa kumi na moja jioni nikiwa chumbani nilisikia kitu kinatetemeka ndani ya droo. Ni simu ya marehemu. Ana miaka miwili na miezi mitatu tangu aondoke, na kila Jumapili ninaichaji. Afande ameniuliza kwa nini. Nimemwambia aandike tu kwamba ninaichaji. Niseme kweli, kabla ya kuifungua nilifurahi. Nilidhani kuna mtu amemkumbuka.

Nilikuta ujumbe mia nne na kumi na mbili. "Mzazi, kesho ni siku ya chanjo ya mtoto wako." "Usikose kupima sukari Ijumaa." Nilikaa kitandani nikasoma hadi wa thelathini, ndipo nikaelewa kwamba skripti yangu iligusa kadi zote, na kwamba mkwe wangu aliijua ile namba. Ni ya baba mkwe wake. Alijua ni mimi, na alijua nimebakiza miezi saba kustaafu. Nililia kwa aibu, na dawa ya presha nikaisahau.

Ninaeleza pia kwamba kila Jumapili yeye huhifadhi nakala ya ghala zima mahali pengine. Nimemwona kwa macho yangu. Anayejua kuirudisha ni yeye peke yake, nanyi mmemfungia. Kuna watoto hamsini na sita hawajachanjwa na mama zao hawana habari. Naomba aachiwe arudishe kadi, na kama lazima mtu akae ndani, nimekuja na kanga ya kujifunika na dawa zangu.

Nikitoka kabla ya kesho saa nne, nina somo. Safari hii nitamsikiliza mpaka mwisho.

Sina zaidi ya haya. Nimesomewa, ni maneno yangu, na sikulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maoni ya ofisa: Shahidi alitoa maelezo akiwa timamu. Amekabidhi karatasi moja na simu moja. Wakati wa kuandika, simu hiyo ilipokea ujumbe mwingine kumi na tisa, na shahidi aliomba asomewe kila mmoja. Mtuhumiwa amepelekwa kituo cha afya saa tatu na robo kurudisha kumbukumbu, hajafungwa pingu. Shahidi ameruhusiwa kurudi nyumbani, ataitwa akihitajika. Simu imehifadhiwa kama kielelezo. Kwa ombi la shahidi, itachajiwa kila Jumapili.