Mtoro wa Kliniki ya Sukari

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimehudhuria kliniki huku nasuka! Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya shampuu, mikono iko kichwani kwa mteja, na nesi ananiuliza kwa video sukari ya asubuhi ilikuwaje. Nikamtajia. Akauliza dawa, nikamtajia. Kwisha. Mteja hata kichwa hakuinua.

Na hawa ndio walionibandika jina mtoro. Eti nikikosa miadi tena wananifuta. Mtoro! Mtu ukae kwenye benchi tangu alfajiri hadi jua la utosi, saluni imefungwa, wateja wanahamia kwa jirani — halafu daktari akutazame kwa muda wa kupiga chafya. Nilikosa, ndiyo. Ningekosa tena. Shida haikuwa mimi, ni benchi lao.

Alhamisi, 13 Machi
Pasi ya nywele imeniponyoka, ikatua juu ya mguu wa kushoto. Aliyepiga kelele ni mteja. Mimi sikusikia maumivu yoyote. Harufu ndiyo iliyonishtua, na bado nikadhani ni nywele zake zinaungua.

Nimepaka dawa, nimevaa soksi, nimemalizia kichwa cha watu. Kidonda kitapona. Sina nafasi ya kuumwa.

Jumatano, 19 Machi
Wifi ananichunguza. Ni dada wa marehemu mume wangu, tunaishi pamoja huku nyuma ya saluni, na mdomo wake hauna breki. Leo kazishika soksi zangu kwenye kamba, akauliza mbele ya wapangaji hili doa la manjano ni la nini, au siku hizi naweka mayai kwenye viatu. Wote wakacheka. Nikamwambia afue za kwake. Alipomaliza kucheka, akaniambia kwa sauti ya chini niende kliniki kwa miguu yangu wakati bado ninayo.

Ameniudhi kwa sababu anajua. Mama yangu aliingia hospitali na kidonda cha kidole, akatoka bila mguu. Akakaa kitini mpaka alipotutoka, na kila nilipomnyanyua aliniomba msamaha. Naogopa, basi. Nimeshaandika. Lakini sijaona msusi anayefanya kazi akiwa amekaa, na mimi sitakuwa wa kwanza.

Jumatatu, 24 Machi
Miadi ya simu. Nesi akasema leo anataka kuona miguu, na atapiga picha ziwekwe kwenye faili langu. Haya. Nikamwonyesha wa kulia. Akasema, sasa wa kushoto, mama. Nikaishusha simu, nikajifanya nahangaika na soksi, nikamwonyesha wa kulia tena! Akasema miguu yako mizuri, hongera. Nilipokata simu nimecheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Na bado! Anasema tangu waanze mambo ya simu, wanaokosa miadi wamepungua sana, na mfano wao ni mimi — mtoro wao! Wanataka kunirekodi nikiwahimiza wenzangu. Nimekubali. Nitavaa kilemba cha zambarau. Walioninyooshea kidole pale dirisha la mapokezi kliniki wanione vizuri.

Ijumaa, 28 Machi
Kidonda kimepanuka. Nimekiosha kwa maji ya chumvi. Kiatu hakiingii, nimesuka na kandambili juu ya soksi. Bado hakiumi. Kingeuma ningejua la kufanya.

Jumatatu, 31 Machi
Simu imelia nikiwa na kilemba kichwani, nimejipaka na wanja. Nikajua ni mambo ya kurekodi. Nesi hakuwa anatabasamu. Anasema daktari alikuwa anapitia zile picha, akauliza huyu mgonjwa wetu wa mfano mbona vidole gumba vyote viwili vimekaa upande mmoja.

Nikamwambia mtandao wao mbovu, unageuzageuza vitu. Akarudia swali lilelile. Basi nikafoka. Nilimwambia habari za benchi, nikamwambia jina waliloniita mbele ya watu, nikamwambia na ya mama, ambayo sikukusudia. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Mama, sikulaumu. Tangu tuanze mambo ya simu hujakosa miadi hata moja, lakini mimi bado sijakuona. Weka miguu yote miwili mbele ya simu, kwa pamoja."

"Na nisipoweka?"

"Nitakusubiri hapahapa."

Nimeilaza simu kifudifudi juu ya meza ya saluni, ndiyo maana naandika mchana huu. Hajakata. Nasikia mgonjwa mwingine anamwita, naye anamwambia subiri kidogo. Wifi amesimama mlangoni na taulo mkononi. Nimemwambia aondoke. Hajaondoka.

Kulala hospitali silali, hilo walijue mapema. Kukatwa sikatwi. Wanaweza kunitazama, kutazama hakukati mtu, halafu mimi ndiye nitakayesema nini kifanyike kwenye mwili wangu. Nitawaambia hivyohivyo, kwa sauti, na huyo daktari asikie.

Nimeanza kuvua soksi. Ya kulia kwanza.