Santuri Niliyoiita Mbovu

Jumanne, 3 Juni 2025

Naomba radhi kwa kimya hiki, ingawa sijui namwomba nani. Ukurasa wa mwisho ni wa Februari. Hakukuwa na ugonjwa wala msiba. Ni uvivu tu, na uvivu hauna utetezi.

Uji saa moja. Kufagia uwanja. Baridi kali, sweta mbili. Saa nne nilitembea hadi Mfaranyaki, dukani kwa Fundi Kapinga, mtengenezaji wa redio na simu. Alikuwa ameshaiweka santuri kwenye mashine. Huu ndio utaratibu wetu tangu Machi: Jumanne na Jumamosi, wimbo mmoja, mara mbili. Mara ya tatu ni ulafi.

Wimbo unaitwa "Ukungu wa Matogoro". Ulipigwa mwaka 1969 na vijana wanne wa hapa Songea. Walikuwa wameisikia roki ya Ulaya, ile ya njozi, katika redio ya masafa mafupi, wakaichanganya na mapigo ya lizombe, ngoma ya asili ya hapa. Unaanza na kinanda cha kukanyaga kwa miguu. Kisha linaingia gitaa, nalo halilii kama gitaa. Linakwaruza, linaunguruma, linapanda kama nyuki waliochokozwa. Mwimbaji anasikika kama aliye chini ya ardhi. Alisimama ndani ya tangi tupu la maji. Karibu na mwisho ngoma zinanyamaza na gitaa linabaki peke yake. Hapo Kapinga huacha kazi yoyote aliyoishika.

Redio haikuupiga hata siku moja. Nje ya Songea haukujulikana.

Nimerudi nyumbani nimeridhika. Mzee wa miaka sabini na tisa, mwalimu wa sarufi, ameridhishwa na ngurumo. Naandika nilivyo.

Jumamosi, 7 Juni

Tulikuwa watatu, kama kawaida: mimi, Kapinga na Zubeda. Santuri ni ya Zubeda. Anauza korosho, duka lake linatazamana na la Kapinga, na kwao ni Nakapanya. Aliirithi kwa marehemu baba yake.

Binti wa Kapinga aliuweka wimbo mtandaoni wakati wa Kwaresima. Sasa wanaandika watu tusiowajua. Mmoja wa Brazili anasema aliusikiliza siku nzima akipaka nyumba yake rangi. Mwingine anauliza gitaa lile lilitengenezwa na nani. Zubeda huwajibu wote, na wote huwaambia jambo lilelile: wimbo ulipigwa marufuku.

"Wakubwa waliliogopa gitaa," alisema tena leo, akimenya korosho. "Ndiyo maana redio haikuupiga. Sivyo, Mwalimu?"

Nilitazama sakafu. Zubeda hulichukulia hilo kuwa ndiyo.

Kabla ya saa sita aliingia mteja wa Namtumbo aliyeleta redio. Alisimama akasikiliza, kisha akasema kwamba anamfahamu mpiga gitaa. Sisi tuliamini amekufa. Yu hai. Ni Bradha Kaspari, mtawa wa abasia ya Hanga, yuko huko zaidi ya miaka hamsini.

Zubeda aliketi juu ya gunia lililokuwa karibu. Kapinga alizima mashine.

"Alhamisi tunakwenda," Zubeda alisema. "Gari langu. Mwalimu utakaa mbele, utusemee kwa Kiswahili chako cha mtihani."

Walicheka, nami nikacheka. Nilikuwa na hofu.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Misa ya kwanza. Kanisa limejaa. Sikuyasikia mahubiri.

Niandike sasa, kwa kuwa sijapata kuandika. Wimbo ule haukupigwa marufuku. Uliangushwa na mimi.

Mwaka ule wilaya ilikuwa na kamati ya kuchagua nyimbo za kupelekwa redioni. Nilikuwa katibu. Umri miaka ishirini na mitatu, suruali yenye mkunjo, na imani kubwa mno katika masikio yangu. Wajumbe wengine walikuwa watu wazima waliokwisha kuchoka; nilichokisema ndicho kilichopita. Vijana walileta santuri. Tuliiweka kwenye mashine. Kinanda kilikuwa safi. Lilipoingia gitaa niliinua sindano, nikaipangusa, nikarudia. Mkwaruzo uleule. Nikaandika kwenye karatasi: "Santuri hii ni mbovu. Sauti imepasuka. Isipelekwe."

Sikumwuliza mtu. Hilo ndilo kosa. Kutojua si kosa. Kutouliza ni kosa.

Mpiga gitaa alikuja mwenyewe kuichukua. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka kumi na tisa. Nilimpa bila maelezo. Alisema, "Asante, Mwalimu," akaondoka.

Machi mwaka huu nilikuwa nikipita mbele ya duka la Kapinga. Niliusikia. Santuri ilikuwa nyingine, lakini mkwaruzo ulikuwa palepale nilipouacha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa umekusudiwa. Niliingia nikaketi. Walidhani nimependa muziki. Nilikuwa nimeshikwa na aibu. Kuupenda kulikuja baadaye, nako ni kweli.

Tangu hapo wananiita mpenzi wa kwanza wa wimbo, kwa sababu nililikumbuka jina lake kabla ya kuambiwa. Nimelikubali sifa hilo miezi mitatu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeusoma mstari wa mwisho wa jana. "Sifa hilo." Ni sifa hiyo. Hasira huharibu hata upatanisho wa kisarufi. Nauacha ulivyo, uwe adhabu.

Jumatano, 11 Juni

Nilikwenda kwa Kapinga nikiwa nimeamua kumwambia. Alikuwa akilichomea gitaa la kuazima waya mpya, huku akipiga mluzi. Alikuwa na furaha ya mtoto anayesubiri Krismasi. Alinionyesha shati atakalovaa kesho.

Sikusema.

Wakijua, watanifukuza kwa adabu, na adabu ni mbaya kuliko matusi. Sina mahali pengine pa kwenda siku ya Jumanne. Hilo ndilo jambo lenyewe, likiandikwa bila kupambwa.

Alhamisi, 12 Juni

Hanga. Tuliondoka asubuhi, ukungu barabara nzima. Zubeda alizungumza njia yote.

Bradha wa mlangoni alitupokea, akatupa chai kabla ya kutuuliza shida yetu. Kisha akatupeleka karakana ya useremala. Bradha Kaspari alikuwa akipiga randa mguu wa kiti. Mfupi kuliko nilivyomkumbuka, nywele nyeupe, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alitusalimia, "Tumsifu Yesu Kristo." Kwa Zubeda aliongeza, "Asalaam aleikum, mama." Zubeda, ambaye alikuwa ametayarisha maneno mengi, aliitikia kisha akayapoteza yote.

Kapinga aliupiga wimbo kwa simu. Bradha aliweka kiganja juu ya meza ya useremala na kusikiliza mpaka mwisho. Uso haukubadilika. Ulipokwisha alisema, "Gitaa lingekuwa juu kidogo." Kisha akatueleza jinsi alivyoitoboa karatasi ya spika kwa spoku ya baiskeli, tundu baada ya tundu, mpaka sauti ikapasuka alivyotaka. Spika ilikuwa ya baba yake. Alipigwa.

Zubeda alipata sauti yake. Akamwambia kuhusu Brazili, na kuhusu watu wote wanaouliza. Akasema, "Na wakubwa walioupiga marufuku wamekwisha kufa, Bradha, lakini wimbo upo."

Nikasema hapohapo. Nilisimama, kwa kuwa jambo kama hilo halisemwi umekaa. Nilisema kwamba hapakuwa na marufuku. Palikuwa na katibu mmoja mjinga, naye ni mimi. Nilisema niliandika nini. Nilisema kwamba huenda nilimfungia maisha mengine, nami naomba msamaha.

Randa ya mtu mwingine ilikuwa ikisikika upande wa pili wa karakana.

Kisha Bradha Kaspari akacheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Wewe ni wa pili," alisema. "Baba yangu aliirudisha santuri dukani mara mbili abadilishiwe. Mwenye duka akambadilishia. Mara ya tatu akasema, mzee, zote ni mbovu."

Kapinga naye akacheka. Mimi nilibaki nimesimama. Nilisema tena habari ya maisha yaliyofungwa. Aliacha kucheka, akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi anayejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Mwalimu, usijipe ukubwa. Mimi niliitwa na Mungu. Sikufukuzwa na karani."

Kengele ililia akaenda kusali. Tulimsubiri. Aliporudi, Kapinga alimwomba aje Songea siku moja, aupige wimbo mbele ya wanaoupenda. Alijibu kwamba mtawa hajitumi, atamwomba abate. Hakusema hapana. Nilimwona akivitazama vidole vyake.

Katika kurudi Zubeda hakusema neno. Aliniteremsha mlangoni. "Haya, Mwalimu," basi. Hakuzima hata gari.

Jumamosi, 14 Juni

Zubeda hakuja. Duka lake lilikuwa wazi. Nilimwona akipima korosho, naye aliniona. Santuri alikuwa ameichukua.

Kapinga aliupiga wimbo kwa simu. Si sawa. Mara moja tu. Alisema, "Atapoa." Kisha akanipa kiti chenye mgongo, ambacho hukiweka kwa wateja. Sikufukuzwa. Nililiona hilo, na nilishukuru, lakini nilikuwa na huzuni.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepanda mboga. Nimesoma. Nimeiandika barua kwa Zubeda mara tatu. Zote zilikuwa sahihi na zote hazikufaa. Nimezichana.

Jumanne, 17 Juni

Alikuja mwenyewe, saa tatu asubuhi, na mfuko wa korosho na santuri ndani ya kitambaa. "Shikamoo." Sauti kavu. Niliitikia, nikampa kiti. Alikikataa.

Alinieleza kilichomuuma. Si uongo wangu tu. Baba yake aliificha santuri hii chini ya magunia miaka mingi, kwa kuwa redio haikuupiga wimbo, naye akaamini umepigwa marufuku. Aliwaruhusu kuisikiliza sikukuu ya Idi tu, madirisha yamefungwa. Alikuwa mtu mwoga katika kila jambo: aliogopa karani wa ushirika, aliogopa mbwa. Hili ndilo jambo moja la ushujaa ambalo wanawe walilijua kwake.

"Sasa nimwambie nani kwamba alikuwa akificha kwa sababu ya karatasi yako?"

Nilimwambia nilichokifikiri. Kwamba baba yake aliamini kuna hatari, na hata hivyo hakuitupa. Hatari haikuwepo, ushujaa ulikuwepo. Mimi sikuwa na hatari yoyote mbele yangu, na nilishindwa hata kuuliza swali moja.

Alikivuta kile kiti. Kisha akakaa.

"Alikuwa akisikiliza amefumba macho," alisema. "Mama akimwambia, wewe, utafungwa kwa kelele za paka."

Tulicheka wote wawili, polepole, kama watu wanaojaribu daraja.

Akatoa amri mbili. Kwanza, niiandike habari yote kama ilivyotokea, binti wa Kapinga aiweke mtandaoni chini ya wimbo, na jina langu liwepo. Pili, baba yake awemo. Nilikubali zote. Nilimwuliza kama atakubali wimbo upoteze ile sifa ya marufuku. Akasema, "Mwalimu, watu hawakuupenda kwa ajili ya wakubwa. Wamependa gitaa." Nadhani alikuwa akijiambia mwenyewe pia.

Saa nne tulivuka pamoja hadi kwa Kapinga. Mara mbili, kwa santuri.

Alhamisi, 19 Juni

Habari imewekwa. Kurasa mbili, sentensi fupi. Nilitarajia lawama. Mtu wa Brazili amejibu, na binti wa Kapinga amenitafsiria: naye aliposikia mara ya kwanza alidhani simu yake imeharibika, akaipeleka kwa fundi. Mwingine anasema alizichomoa waya za spika zake zote. Sasa kila mmoja anaeleza alikosea vipi. Kapinga anasema huu umekuwa mlango wa kuingilia: hujawa mpenzi wa wimbo mpaka useme ulidhani nini kimevunjika.

Sikulitazamia hilo. Nimefurahi sana. Nimekula vizuri.

Jumamosi, 21 Juni

Baridi imezidi. Tulikuwa wanne, mteja wa Namtumbo alirudi kuichukua redio yake akabaki.

Bradha Kaspari amepiga simu kwa Kapinga. Abate amemsikiliza na hajakataa. Atazungumza kwanza na wazee wa nyumba, kisha ataamua. Kwa sasa amemruhusu kulishika lile gitaa la kuazima, tulilomwachia, nusu saa kila alasiri, karakanani, kazi ikiisha. Vidole vinamuuma. Anasema maumivu hayo ni matamu na kwamba ataliungama hilo ikilazimu.

Huenda akaja Songea. Huenda asije. Zubeda ameanza kugawa viti vya ukumbi ambao haujaombwa. Mimi siwezi kufanya lolote katika jambo hili, na mara hii sitaki kufanya lolote. Si langu kuamua. Nimegundua kwamba kutoamua kunapumzisha.

Tulisikiliza mara mbili. Zubeda akaomba mara ya tatu. Hakuna aliyepinga, nami sikupinga.

Abate akishaamua nitaliandika neno lake hapa siku hiyohiyo, iwe ndiyo au hapana, nikiwa nimeuliza vizuri na kusikiliza mpaka mwisho.