Mukia ya Bihogo

Mujukuu wangu Debora,

Siye wote pamoja na baba yako tuko salama hapa Bunia, ni mvua tu inatuchokesha. Unauliza kama Bihogo, ng'ombe yetu muzee ya miguu ya kuuma, iko anateseka. Kila siku baba yako ananiambia: "Mama, si iko anakula!" Kwani kula ndiyo kuishi?

Wakati nilikuwa musichana kule Boga, nilisema vile vile, mama akanivuta sikio: "Kula ni mazoea. Angalia mukia. Mwenye bado anataka kuishi anafukuza inzi."

Jana inzi zilijaa Bihogo ku miguu, mukia ikalala tu. Nilimupa baba yako tawi: "Basi, weye kuwa mukia yake."

Alifukuza inzi mpaka mangaribi. Kisha akaniomba nimuite muchinjaji.

Koko wako