Jembe Nililomgawia Mama Tumaini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshakunywa chai, umekaa kwenye kile kiti cha barazani pale Mpemba, unatazama malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani. Miguu inasemaje? Wifi aliniambia imevimba tena na kwamba ulimkataza asiniambie. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ughaibuni haina adabu, inaingia mpaka kwenye mifupa hata ukivaa masweta matatu. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako unapokelea sebuleni, kila mtu anasikia, na wewe unabaki kunijibu tu kwamba hamjambo.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni nini. Nilipokueleza kwamba natafiti sera za afya, na uchumi wa watu kuushughulisha mwili, uliuliza kama mtu anaweza kweli kulipwa mshahara kwa kuwatazama wenzake wakitembea. Anaweza, mama. Tunachunguza kinachotokea watu wakiacha kutembea: maradhi gani yanaingia, serikali inapoteza nini, na barabara ijengwe vipi ili mwenye miguu naye apate pa kupita. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo kila ukikaribia kwisha naanza kuandika maombi mapya, nimeinamia kompyuta kutwa nzima. Ndiyo, naandika ubaya wa kukaa huku nimekaa. Cheka tu.

Siku hizi nakumbuka sana ile njia ya kutoka kwetu Mbozi kwenda sokoni Vwawa. Tulikuwa tunatoka ukungu bado umelala juu ya mibuni, wewe na tenga la maparachichi kichwani, mimi na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko. Hukuwa unakimbia, lakini mimi ilinibidi nikimbie ndipo nikufikie. Tukianza kupanda kilima ndipo unaanzisha wimbo wa kwaya, sauti ya pili, na pumzi haipungui. Huku wapo watu wanaolipia kutembea juu ya mashine isiyokwenda popote, wakitazama ukuta. Nikipita dirishani kwao nakukumbuka wewe na tenga lako.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Nilipokuja kumzika baba, mimi na kaka Lameki tulikubaliana kwamba umechoka. Kwetu mtoto aliyesoma anatambulika kwa hilo, kwamba amempumzisha mama yake. Kaka akakuandalia chumba kwake Mpemba, bomba ndani, sofa, televisheni. Mimi, ili usije ukarudi kwenye shamba la kahawa, nikalichukua jembe lako nikamgawia jirani yetu Mama Tumaini mbele ya watu wote. Wakapiga vigelegele. Wewe ulishukuru, kisha ukageuza uso pembeni. Nilikuona, mama, nikajifanya sikuona.

Mwezi uliopita nilikuwa najaribu dodoso letu la Kiswahili kabla halijapelekwa vijijini, nikakupigia nione kama maswali yanaeleweka. Nikakuuliza kama unalima, ukasema hapana. Kuchota maji, hapana. Kutembea kwenda mahali, ukasema ni kanisani tu, na hata huko kaka anakupeleka kwa gari. Nikauliza kwa siku unakaa muda gani.

“Tangu chai ya asubuhi mpaka taarifa ya habari,” ulisema. “Si ndivyo mlivyotaka? Andika basi kwamba huyu amepumzishwa.”

Niliandika. Kesho yake mkuu wangu wa kazi, mama wa makamo mwenye huruma, alipitia zile fomu za majaribio, ambazo hazina majina. Akaishika ya kwako, akasema huyu angekuwa ndugu yake asingepata usingizi. Sikumwambia ni nani. Nilikwenda chooni nikalia. Miaka yote hii nalipwa kuwaambia wakubwa wasiwakalishe watu, na wa kwanza kukalishwa na mimi ni mama yangu mzazi.

Wifi anasema umeomba mara mbili urudi Mbozi kabla kahawa haijaanza kuchumwa, na kaka amekataa, eti watu watasema wanao wamekutupa. Tena ananitaja: hata Eliza hataki. Ni kweli nilikuwa sitaki. Leo naliondoa neno langu. Barua niliyomwandikia kaka imo humuhumu ndani ya bahasha. Nimemwambia maneno ya watu nitayabeba mimi niliyeanza. Atanuna, unamjua, lakini hawezi kununa mwaka mzima. Sitaki kukudanganya, mama, naogopa. Naogopa utaanguka shambani nami niko mbali. Kwa hiyo nakuomba daktari aitazame hiyo miguu kwanza, na ukifika uanze na palizi kidogo karibu na nyumba, si kulivamia shamba lote siku moja kama kawaida yako.

Nisalimie wifi, mwambie ahsante kwa kuvunja siri. Nisalimie shangazi anayeuza vitenge kule mpakani, na mwalimu wako wa kwaya, aambiwe sauti ya pili inarudi. Kaka naye msalimie, hata kama amenuna.

Nimebakiza moja. Jana nilimpigia Mama Tumaini, nikamwomba kwa aibu akurudishie jembe lako. Alicheka mpaka nikadhani simu imeharibika. Akaniambia ulilifuata mwenyewe tangu mvua zilipoanza, ile siku uliyoaga kwamba unakwenda kumwona mgonjwa, na kwamba liko chini ya kitanda chako hapo Mpemba, limefungwa kwenye kitenge.

Litoe, mama.

Mwanao aliyekukalisha,
Eliza