Nilimsema Naftali Mbele za Watu

Meshaki, rafiki yangu,

Tumefungwa. Mbili kwa moja, na la pili lilipita katikati ya mikono ya mdogo wako, Naftali. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu sitafika.

Tangu tukuzike, kiwanda chetu kimeuzwa na mwenye mali mpya ametupunguza karibu wote. Madukani sasa kuna kila kitu, hadi sabuni za kuchagua harufu. Sisi tunaangalia tu. Tuliyobaki nayo ni timu ya chuo anachosoma Naftali, ndiyo maana Jumamosi tulikuwa uwanjani tangu saa sita.

Baada ya mechi tulikaa kwa Mama Neema, Sekei, pale tulipozoea kunywa chai mimi na wewe, tukaanza kuchambua. Wengine wakasema mabeki walipanda mno. Wengine wakamlaumu kocha, eti alichelewa kumtoa winga aliyechoka. Kisha mmoja akasema Naftali ameuza mechi.

Wakanigeukia.

"Wewe unamjua kipa. Unasemaje?"

Na mimi, kwa hasira za kukaa nyumbani bila kazi, nikasema, "Mpira ule hata mtoto angedaka. Labda ni kweli."

Alikuwa nyuma yangu, Meshaki. Alikuja na begi lake kunisalimia, kama afanyavyo kila baada ya mechi. "Shikamoo, kaka," akasema taratibu, akaondoka kabla sijaitikia.

Kesho yake akaacha chuo. Nilimfuata kwenu, Ngaramtoni. Mama yenu akanipa maziwa, hajui lolote. Nikamkuta Naftali nyuma ya zizi anakata majani ya ng'ombe. Nikamwomba radhi. Hakuacha kukata.

"Wale wengine sikuwasikia, kaka. Nilikusikia wewe."

Kule hospitali, sauti ikikuishia, uliniambia, "Huyu asome. Usimwache." Nikaitikia. Sasa ona nilivyomshika.

Jumamosi nitasimama kwa Mama Neema, mbele ya wale wale, niseme kwamba nilisema uongo. Halafu nitarudi Ngaramtoni, na nitarudi tena, hata akinipa mgongo. Kama chuo kitampokea, sijui. Kama yeye atanipokea, sijui. Siwezi kukuahidi hayo. Nakuahidi kwenda tu.

Pumzika, ndugu yangu, kama nimekuachia nafasi ya kupumzika.

Aminieli