Birika la Miaka Mia Mbili

Mwenzangu, niko kwenye ule mji wa kale wa mtoni ambao shangazi ametusifia mwaka mzima. Mji gani. Mtaa mmoja na maduka ya kuuzia wageni vumbi.

Nimeingia duka la vitu vya kale peke yangu. Shangazi kagoma, eti vumbi linamkohoza.

Muuzaji, uso mkavu, ananipa birika. "Hili lilikuwa la tajiri wa kwanza wa mji huu. Lina miaka mia mbili."

Miaka mia mbili.

Nikaligeuza. Chini kuna alama ya rangi ya kucha, nyekundu. Si unajua mama hupaka kila chombo chake kabla hajakiazimisha?

Ni birika la mama. Lile lililopotea kwenye msiba wa bibi, shangazi akasimama mbele ya waombolezaji kumwita jirani yetu mwizi.

Nikauliza limetoka wapi.

"Kaniletea kitukuu wa huyo tajiri. Mama mtu mzima, ana heshima zake. Alilia wakati wa kuliacha."

Alilia.

Nikachungulia nje. Shangazi anautazama mto kama hajawahi kuona maji.