Mvinyo Mpya Uliosifiwa Ukongwe

Jumamosi, Kericho

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, usimwambie mtu hata neno moja.

Leo Bwana Meneja aliniagiza niwamiminie wageni mvinyo mwekundu wa Kitaliano, mpya na mkongwe, katika vikombe vya kuonjea chai vya kiwanda chetu. Nikavipanga kama tupangavyo chai, mpya kwanza. Bwana akadhani wa kwanza ndio mkongwe.

Yeye na wageni wakavuta mafunda kwa kelele kama ndama, wakatema. Ule mpya Bwana akausifu, “Huu umekomaa!” Mkongwe akauita siki, ukamwagwa. Mabingwa hao!

Nikamnong’oneza mpishi Barasa kwamba Bwana amekosea.

“Wee karani, nyamaza! Utamfundisha Bwana ulimi wake?”

Nimenyamaza. Lakini akizichunguza chupa kesho na kugundua kwamba uliomwagwa ndio mkongwe, kazi sina.

Ukitaka kunirudishia daftari, usipite ofisini. Mpe Barasa jikoni. Kama naye amefukuzwa, tuulizie kwa wachumaji chai.